Bahasha ya Mchango na Safari Yake hadi Mafia

Kuchangia asasi kwa njia ya posta ni kitendo cha mtu kutia katika bahasha hundi, hawala au hati nyingine ya malipo, pamoja na barua inayoeleza mchango huo umetoka kwa nani na umekusudiwa kazi gani, kisha kuikabidhi bahasha hiyo kwa posta ili ifike kwenye sanduku la asasi aliyoichagua. Asasi isiyolenga faida, kwa maana inayotumika hapa, ni chombo kilichosajiliwa kisheria kwa ajili ya manufaa ya jamii, ambacho ziada ya mapato yake haigawiwi waanzilishi wala wanachama, bali hurudishwa kwenye kazi yenyewe. Kwa mkazi wa mjini ambaye hulipia karibu kila kitu kwa simu, njia hii huenda ikaonekana kuwa imepitwa na wakati. Hata hivyo, bado iko michango inayotembea kwa karatasi, hasa ile inayotoka kwa wazee, kwa watu walio nchi za mbali, kwa makampuni yanayolipa kwa hundi na kwa wasimamizi wa mirathi. Na mahali pa kuchunguza nguvu na udhaifu wake ni wilaya ya visiwa, ambako kila karatasi ni lazima ivuke maji kabla ya kumfikia inayemhusu.

Wilaya ya Mafia, katika mkoa wa Pwani, imeundwa na kisiwa kikuu cha Mafia na visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vingine, mkabala na delta ya mto Rufiji. Makao makuu yake ni mji wa Kilindoni, upande wa magharibi, unaotazamana na bara. Mwaka 1995, kwa kufuata sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu iliyopitishwa mwaka 1994, sehemu kubwa ya maji ya kusini ya wilaya hii ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ni ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Matumbawe yake, kasa wanaotaga katika fukwe za Juani, na papa potwe wanaoonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, huwavuta wageni ambao wengi wao hurudi kwao wakiwa na hamu ya kusaidia. Kwa upande mwingine wako wenyeji waliohamia Dar es Salaam, Zanzibar, Muscat na kwingineko, ambao wamebaki na deni la moyo kwa msikiti, madrasa, shule au zahanati ya kijiji walikozaliwa. Makundi haya mawili hayafanani kwa lugha wala kwa mazoea, lakini yote hukutana na swali moja, nalo ni kwa njia gani fedha kidogo itoke mbali, ifike kisiwani ikiwa nzima, na ijulikane kuwa imefika.

Kabla ya kujibu swali hilo ni vyema kueleza jinsi posta yenyewe inavyofanya kazi Tanzania. Shirika la Posta Tanzania lilianza kazi mwaka 1994, baada ya shirika la awali, lililounganisha posta na simu, kugawanywa. Kabla ya hapo, hadi mwaka 1977, huduma hizo zilikuwa chini ya shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. Urithi uliobaki tangu enzi hizo ni mfumo wa masanduku. Kwa kawaida barua haipelekwi mlangoni mwa nyumba, bali hutiwa katika sanduku lenye nambari lililoko posta, ambalo mtu au taasisi hulikodi kwa ada ya mwaka. Ndiyo maana anwani nyingi huanza na herufi S.L.P., yaani Sanduku la Posta. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya kitaifa ya anwani za makazi, iliyoweka majina ya barabara, nambari za nyumba na postikodi, yaani tarakimu tano zinazotambulisha kata, lakini kwa asasi nyingi sanduku limebaki kuwa ndiyo anwani ya kweli. Vijijini, sanduku moja la shule au la ofisi huweza kutumiwa na watu wengi wasio na uhusiano na taasisi hiyo, na barua ya mchango ikakaa mezani kwa mtu mwingine hadi atokee wa kuipeleka Kirongwe, Bweni au Jibondo.

Udhaifu huo ndio uliokuza njia nyingine ambayo watu wa pwani wameizoea tangu zamani kuliko posta yoyote, yaani kutuma kwa mkono wa mtu. Bahasha hukabidhiwa nahodha, jamaa anayesafiri au mfanyabiashara anayevuka kutoka Nyamisati, upande wa bara, naye huifikisha kwa jina na kwa sura. Njia hii ina heshima yake, na haifai kubezwa, kwa sababu imejengwa juu ya uaminifu ambao jamii yenyewe huusimamia: msafiri aliyekula amana ya msikiti hawezi tena kukaa barazani na wenzake. Kasoro yake iko mahali pengine. Mkono wa mtu hauachi maandishi, na mwaka unapokwisha, mweka hazina wa asasi hana cha kumwonyesha mkaguzi wala mchangiaji hana cha kuonyesha kwamba alitoa. Katika sadaka ya mtu kwa mtu upungufu huo si kitu, kwani wapo wanaotaka hasa sadaka yao isijulikane. Lakini asasi iliyosajiliwa inashika mali ya umma, na mali ya umma isiyoandikwa huzaa ugomvi hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Jambo la kwanza ambalo mchangiaji anapaswa kulijua ni kwamba noti hazitumwi ndani ya barua ya kawaida. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoundwa mjini Bern mwaka 1874 ambacho Tanzania ni mwanachama wake, unakataza sarafu, noti na hati zinazoweza kulipwa kwa yeyote anayezishika kutiwa katika barua isiyo na bima, na huruhusu kuzitia katika barua ya rejista pale tu sheria za nchi husika zinapokubali. Barua ya rejista ni ile inayoandikwa nambari na kusainiwa kila inapopokelewa, hivyo kwamba ikipotea hujulikana ilipotelea mkononi mwa nani. Katazo hilo lina sababu iliyo wazi: noti haina jina, na anayeifungua bahasha ndiye anayekuwa mwenye mali. Mtu anayetia noti ya dola au ya paundi katikati ya kadi ya salamu kwa nia njema humweka kila mfanyakazi aliye njiani katika majaribu, na kama haikufika hana pa kudai.

Kwa miaka mingi jibu la posta kwa tatizo hilo lilikuwa hawala, ambayo watu wengi waliiita manioda. Mtumaji alilipa fedha dirishani katika ofisi moja, posta ikaandika hati yenye jina la mlipwaji na ofisi atakakolipwa, na mlipwaji akafika na kitambulisho kuchukua fedha hizo. Kilichosafiri kilikuwa karatasi na wala si fedha. Uingereza ilianza kuuza hati ndogo za malipo za posta, maarufu kama posta oda, mwaka 1881, na mtindo huo ukaenea hadi katika makoloni yake, ukatumika Afrika Mashariki kulipia karo, vitabu vya kuagiza na ada za vyama. Leo hawala za posta za kuvuka mipaka zinazidi kutoweka. Posta ya Marekani, kwa mfano, iliacha kuuza hawala zake za kimataifa mwaka 2024.

Iliyobaki ni hundi, na hapa ndipo wachangiaji wengi wa ng'ambo hukosea. Hundi ni amri ya maandishi ambayo mwenye akaunti huipa benki yake, akiitaka imlipe mtu au taasisi iliyotajwa kiasi kilichotajwa. Hundi inayotumwa kwa posta huandikwa jina kamili la asasi kama lilivyosajiliwa, si jina la mwenyekiti wala la mwalimu aliyempokea mgeni, na hupigwa mistari miwili sambamba pamoja na maneno yanayosema ilipwe katika akaunti ya mlipwaji tu, ili asiyehusika akiiokota asiweze kuigeuza fedha taslimu. Kwa hundi ya benki ya Tanzania, utaratibu huu unatosha. Kwa hundi ya benki ya nje, safari ndiyo kwanza inaanza. Benki ya Tanzania inayokubali kuipokea huichukua kwa ajili ya kwenda kudai, maana yake hailipi papo hapo, bali huirudisha nchi ilikotoka, husubiri benki iliyoitoa ikubali, kisha ndipo huingiza fedha, baada ya benki zote mbili kukata ada zao na fedha kubadilishwa kuwa shilingi. Jambo hilo huchukua wiki kadhaa, na kwa mchango mdogo ada hizo huweza kumeza sehemu kubwa ya kilichotolewa. Mzee wa Scotland aliyeandika hundi ya paundi 10 kwa ajili ya madawati ya shule ya Jibondo huenda, bila kujua, akawa amezichangia benki mbili na kuiachia shule chenji.

Kwa sababu hiyo asasi zinazotegemea wachangiaji wa nje huwa na asasi dada, yaani chombo kilichosajiliwa katika nchi ya wachangiaji, chenye sanduku na akaunti yake huko huko, ambacho hupokea hundi ndogo nyingi, huzikusanya, kisha hutuma kiasi kikubwa kwa mara moja kupitia benki. Utaratibu huo hupunguza ada, na pia humpa mchangiaji haki ya nafuu ya kodi, ambayo kwa kawaida haipatikani kwa mchango uliopelekwa moja kwa moja kwa asasi ya nchi nyingine. Nchini Uingereza, chini ya mpango ulioanzishwa mwaka 1990 uitwao Gift Aid, asasi iliyotambuliwa huongezewa na serikali peni 25 kwa kila paundi 1 iliyotolewa na mlipakodi, almradi ametoa tamko la kuthibitisha hilo, tamko ambalo mara nyingi huwa limechapishwa kwenye karatasi ile ile inayorudishwa na hundi ndani ya bahasha. Nchini Marekani mchangiaji huhitaji barua ya asasi inayothibitisha mchango wowote unaofikia dola 250, na hundi iliyotiwa posta kabla ya mwaka kwisha huhesabiwa kuwa ni ya mwaka huo hata ikifika Januari, kwa kuwa kinachozingatiwa ni tarehe ya kutumwa. Ndiyo maana mwishoni mwa Desemba mhuri wa posta huwa na thamani kubwa kuliko stempu iliyo chini yake. Tanzania nayo, kupitia sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004, humruhusu mfanyabiashara kupunguza katika hesabu yake ya kodi mchango aliotoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Nafuu hiyo ni ndogo, lakini duka la Kilindoni linalochangia shule linastahili kuijua, na haipatikani bila stakabadhi.

Malipo ya simu yamebadilisha mambo kwa namna ambayo haiwezi kupuuzwa. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata, mzaliwa wa Mafia aliyeko Temeke anaweza kuchangia paa la madrasa ya Ndagoni kwa dakika moja, na mweka hazina akatoa fedha hizo kwa wakala pasipo kusubiri chombo wala kwenda hadi benki Kilindoni. Kwa fedha yenyewe hakuna sababu ya kung'ang'ania bahasha pale ambapo simu inatosha. Lakini ujumbe wa simu husema kiasi, jina na saa. Hausemi nia ya mtoaji, na ukipokelewa katika laini ya mtu binafsi, kama inavyotokea mara nyingi mno, mchango wa umma huchanganyika na pesa ya nauli na ya kitoweo, na baada ya miezi miwili hata mtu mwadilifu hawezi kuvitenganisha. Hapo ndipo barua inapobaki na kazi yake. Njia iliyo salama zaidi kwa mchango wa maana ni kuvitenganisha viwili hivyo: fedha iende kwa benki au kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la asasi, na barua iende kwa posta, ikiwa na nakala ya hati ya malipo, tarehe, kiasi, jina na anwani ya mchangiaji, na maelezo ya kazi aliyoikusudia.

Maelezo hayo yana uzito wa kisheria kuliko wengi wanavyodhani. Wataalamu wa masuala ya hisani hutofautisha mchango huru, ambao asasi huutumia kwa hitaji lolote lililo ndani ya madhumuni yake, na mchango wenye sharti, ambao mtoaji ameufunga na kazi moja, na ambao asasi ikiupokea haina ruhusa ya kuuhamishia kwingine bila idhini. Jambo hili si geni Mafia, ambako Waislamu ndio wengi na ambako mnazi ulikuwa utajiri wa kisiwa kwa vizazi vingi. Wakfu, yaani mali iliyozuiwa isiuzwe wala isirithiwe ili faida yake iende kwenye kheri iliyotajwa, ni taasisi iliyokita mizizi katika pwani yote ya Waswahili, na minazi iliyowekwa wakfu kwa msikiti ni mfano wake unaofahamika zaidi. Nao wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu hulichukulia sharti la mwenye kuweka wakfu kwa uzito unaokaribia ule wa andiko la sheria. Mtu wa Mafia aliyeona ugomvi unaozuka pale nazi za msikiti zinapotumika kwa shughuli isiyokuwa ya msikiti haelezwi mara mbili kwa nini barua ya mchango isomwe kwa makini kabla hundi haijapelekwa benki.

Kwa upande wake, mchangiaji naye asilifunge sharti kwa ukali usio na maarifa. Kazi ya uhifadhi wa kasa inaonyesha jambo hili vizuri. Shirika la Sea Sense, ambalo chimbuko lake ni mradi wa kuhifadhi kasa na nguva ulioanza Mafia mwaka 2001, limejengwa juu ya wanavijiji waliofunzwa ambao hutembea fukweni kutafuta viota, huhamisha vile vinavyoweza kufunikwa na maji ya bamvua, huvilinda dhidi ya wachimbaji wa mayai na huandika kumbukumbu za idadi ya mayai yaliyoanguliwa. Mradi huo uliweka pia malipo madogo kwa anayetoa taarifa ya kiota, yanayoongezeka kadiri mayai yanavyoanguliwa, ili kiota kizima kiwe na faida kwa mwanakijiji kuliko kiota kilichofukuliwa. Mchangiaji wa mbali, akiwa na picha ya kasa mchanga mawazoni, hupenda kuandika kwamba fedha yake ikawaokoe kasa wachanga tu. Lakini kinachowaokoa ni posho ya mlinzi wa ufukwe, mafuta ya boti, madaftari, viatu, na mtu wa ofisini anayehesabu hayo yote. Na sharti linalokataza matumizi ya namna hiyo huifanya fedha ikae benki huku mayai yakifukuliwa. Barua iliyo bora hutaja kusudio, kisha huiachia asasi nafasi ya kuamua namna ya kulitimiza.

Baada ya bahasha kufika, mzigo wote wa uaminifu huhamia kwa mpokeaji. Asasi iliyopangika huwa na watu wawili wanaofungua barua pamoja, huandika katika daftari siku hiyo hiyo jina, kiasi na nambari ya hundi, hupeleka hundi benki bila kuikawiza kwa kuwa kwa kawaida hundi hupoteza uhai wake baada ya miezi 6, kisha hutoa stakabadhi yenye nambari na kuituma kwa mchangiaji pamoja na barua fupi ya shukrani. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayostahili kutiliwa mkazo kuliko zote. Mtu aliyetuma hundi na asisikie neno kwa mwaka mzima hana namna ya kujua kama imepotea, imeibwa au imefanya kazi, na ukimya humfanya aamini lililo baya zaidi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliokuwa na makao yao Zanzibar katika karne ya 19, walilielewa hilo mapema. Jarida lao lililoitwa Central Africa, lililoanza mwaka 1883, liliwapelekea wachangiaji wao wa Uingereza habari za shule na vituo vilivyoendeshwa kwa fedha zao. Mashirika ya karne ya 20 yaliyowaunganisha watoto na wafadhili, kama vile World Vision, iliyoanzishwa mwaka 1950, yalijengwa juu ya msingi huo huo: mchangiaji hutuma fedha, naye hupokea barua. Upo ubishi wa haki kuhusu kumweka mtoto mmoja mbele ya mfadhili ilhali kijiji kizima kina shida, lakini somo la barua ya marejesho halina ubishi.

Sheria pia inadai uwazi. Mashirika yasiyo ya kiserikali Tanzania Bara husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, na yana wajibu wa kutoa taarifa za kila mwaka kwa Msajili. Kanuni za mwaka 2018 zikaongeza sharti la kutangaza fedha za ufadhili zinazozidi shilingi milioni 20. Mchangiaji anayetaka kujua kama asasi iliyomwandikia ni ya kweli ana haki ya kuuliza nambari ya usajili na kulinganisha jina lililo katika hati, lililo kwenye akaunti ya benki na lililo kwenye barua. Matatu hayo yakitofautiana hata kwa neno moja, fedha isubiri hadi maelezo yapatikane. Tahadhari hii ni muhimu hasa kwa barua za kuomba msaada, kwa kuwa matapeli nao hutumia posta, huiga nembo, na hutaja maafa ya kweli ili kupata huruma ya uongo. Sanduku la posta lililodumu kwa asasi kwa miaka mingi ni ushahidi mzuri kuliko nambari ya simu iliyosajiliwa juzi.

Michango ya vitu inahitaji maneno makali kidogo. Kifurushi kutoka nje hupitia forodha, ambako tamko la maandishi la vitu vilivyomo na thamani yake hukaguliwa, na mpokeaji asiye na taarifa huweza kudaiwa kodi na gharama za kuhifadhi mzigo zinazozidi uwezo wa shule. Dawa zisitumwe kabisa na mtu binafsi, kwa kuwa uingizaji wake unahitaji kibali na dawa iliyokaribia kuharibika ni hatari kisiwani kama popote. Vitabu havitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na posta za dunia zina mifuko maalumu ya machapisho ya hadi kilo 30 kwa anwani moja, kwa hiyo vitabu ndivyo hutumwa zaidi. Lakini shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto wa darasa la nne wa Kanga au Baleni hasaidiwi na riwaya za Kiingereza zilizotolewa katika rafu za mtu aliyehama nyumba. Nauli ya mfuko huo mmoja, ikitumwa kama fedha, ingenunua Dar es Salaam vitabu vya Kiswahili ambavyo mtoto huyo angevisoma siku hiyo hiyo. Jambo la kwanza kutia posta ni barua ya kuuliza, na mwalimu mkuu ajibu kwa ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba kinachohitajika ni choo.

Iko zawadi moja ya posta ambayo haina gharama hata kidogo, nayo ni stempu zilizokwisha kutumika. Baadhi ya asasi za Ulaya huzikusanya kwa kilo na kuziuza kwa wakusanyaji. Shirika la Uingereza la kuhifadhi ndege, RSPB, limefanya hivyo kwa ajili ya kuwanusuru albatrosi, ndege wa bahari wanaonaswa na ndoana za wavuvi. Stempu hukatwa pamoja na karatasi iliyoizunguka, kwa kuacha nafasi ya kiasi cha sentimita 1, kwa kuwa ikibanduliwa huharibika na kupoteza thamani. Mafia yenyewe ina jina kubwa miongoni mwa wakusanyaji wa stempu, jambo ambalo wenyeji wengi hawalijui. Waingereza walipokiteka kisiwa kutoka kwa Wajerumani mwezi Januari 1915, wakati wa vita vilivyoifikisha manowari ya Königsberg kwenye mwisho wake katika delta ya Rufiji, stempu za Kijerumani zilizokutwa hapo ziligongwa juu yake neno MAFIA, na baadaye stempu za jeshi la India nazo zikagongwa vivyo hivyo. Zilitumika kwa muda mfupi, ni adimu, na zimeghushiwa sana. Familia yenye sanduku la barua za babu isizichome kabla ya kumwonyesha mjuzi.

Aina ya mwisho ya mchango wa posta ni ile inayofika baada ya mtoaji kufariki. Katika nchi za Magharibi wasia ni chanzo kikubwa cha mapato ya asasi za hisani, na taarifa yake mara nyingi hufika kwa barua ya wakili iliyotumwa kwa jina na anwani alivyoviandika marehemu, pengine miaka 20 iliyopita. Sheria ya Kiislamu nayo humruhusu mtu kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa wasiomrithi, zikiwemo kheri za umma. Asasi iliyobadilisha jina bila kutangaza, au iliyoacha kulipia sanduku lake hadi likapewa mwingine, hupoteza mchango wa namna hiyo pasipo hata kujua kwamba uliwahi kuwepo.

Kwa hiyo asasi za Mafia, kubwa na ndogo, zilipie masanduku yao kila mwaka, ziyafungue kila wiki, na zimjibu kila aliyetuma chochote, hata kama alituma elfu tano. Nao wazaliwa wa kisiwa hicho walio mbali, pamoja na wageni waliokipenda, waandike kwanza kuuliza jina kamili la asasi, akaunti yake na hitaji lake, waihifadhi nakala ya barua, na waidai stakabadhi bila kuona haya.